Walidhani Yumo Msafarani



Kijana mwenzangu, leo nakushirikisha swali nililoulizwa likizo iliyopita nikashindwa kulijibu. Nimerudi nalo seminarini, limenisumbua kwenye masomo na hata kanisani, na nimeona nisilibebe peke yangu.

Nilikuwa nyumbani Kigwa, wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Ibada ya Jumapili ilikuwa imekwisha, katekista anakusanya vitabu, mimi nimesimama chini ya mwembe nasalimiana na watu. Akaja mama mmoja kajifunga kitenge, kamshika mkono binti wa miaka kama kumi na mmoja. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akacheka.

"Shikamoo ya nini, Frateri? Hunikumbuki? Si tulikaa dawati moja?"

Kumbe ni yeye! Sitamtaja jina. Tulisoma pamoja shule ya msingi mpaka darasa la saba, na tuseme ukweli, alikuwa ananiacha mbali. Hisabati nilikuwa nachungulia kwake. Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, jina langu lilikuwemo kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari ya kata, la kwake halikuwemo. Tulishangaa siku mbili tatu, kisha tukasahau. Haukupita muda akaolewa.

Sasa pale chini ya mwembe akanieleza kilichotokea. Jioni ya kuamkia mtihani, baba yake alimwita nyuma ya bani la tumbaku akamwambia kesho ajaze majibu ya uongo. Akifaulu, sare na michango itatoka wapi? Tena sehemu ya mahari imeshapokelewa.

"Majibu nilikuwa nayajua, Frateri," akaniambia. "Ndiyo kilichonichosha siku ile. Kila swali ilibidi nitafute kwanza jibu la kweli, ndipo nilikwepe."

Kisha akauliza: "Amri ya nne inatutaka tuwaheshimu baba na mama. Mimi nilimtii baba. Je, nilitenda dhambi ya uongo, au nilitimiza amri ya Mungu? Niambie, maana huyu hapa yuko darasa la tano, na babu yake ameshaanza maneno yale yale."

Mimi nina shahada ya falsafa. Nimeandika kurasa nyingi juu ya dhamiri na utii. Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Nitakuombea." Ni kweli namuombea. Lakini siku ile lilikuwa jibu la kukimbia, na yeye alijua. Basi leo najaribu kulirudia swali lake.

Vema za baba

Kisa chake si cha peke yake. Walimu na viongozi wa serikali katika mikoa kadhaa wamekuwa wakilalamika hadharani kwamba wapo wazazi wanaowaagiza watoto wajifelishe. Na kwetu Tabora jambo hili lina mizizi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba karibu wanawake 6 kati ya 10 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 mkoani kwetu walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18.

Siku ile, katika kutafuta la kusema, nilimsimulia yule dada habari ya baba yangu. Baba hakusoma. Alikuwa mkulima wa tumbaku kama baba yake, chama cha msingi kimoja, madeni ya mbolea yale yale. Lakini kila jioni, akishanawa mikono, aliniita: "Lete madaftari." Herufi hakuzijua, ila alijua vema na kosa. Alikuwa anahesabu vema kwa kidole. Zikiwa nyingi alinyamaza. Zikiwa chache aliuliza, "Hapa ulikuwa wapi?"

Siku moja nikatafuta kalamu nyekundu nikajiwekea vema mwenyewe. Nikaona nimempata mzee asiyejua kusoma! Hakusema kitu. Asubuhi yake alifika shuleni na nguo za shamba, akamwonyesha mwalimu daftari, akauliza, "Mwalimu, kalamu hii ni ya kwako?" Mwalimu alipojibu hapana, nilitamani ardhi ipasuke. Tangu siku ile walimu wote walijua kuwa mtoto yule ana mtu nyuma yake. Na mimi nikajua.

Nilisimulia kwa fahari. Dada yule akanisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole kabisa, "Na madaftari ya dada yako, baba alikuwa anayahesabu?"

Ndugu yangu, sikuwa nimewahi kujiuliza. Dada yangu mkubwa aliishia darasa la saba. Jioni, mimi nikiitwa na madaftari, yeye alikuwa jikoni anasonga ugali. Hakuna aliyemwambia ajifelishe. Hakuna aliyemwambia chochote. Nyumbani kwetu hatujawahi kulizungumza jambo hili hadi leo. Nilipoondoka pale sikuwa tena na nyumba njema ya kulinganisha na nyumba mbaya. Nilikuwa na watoto watatu: mmoja alihesabiwa, mmoja alisahauliwa, mmoja aliuzwa. Na wawili wa kwanza walitoka chini ya paa moja.

Mtoto wa wote ni wa nani?

Sasa twende kidogo darasani, sitakuchosha.

Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, alipendekeza kwamba watoto wa walinzi wa mji walelewe kwa pamoja, mzazi asimjue mtoto wake wala mtoto asimjue mzazi. Alidhani hivyo kila mtu mzima atampenda kila mtoto kama wake. Mwanafunzi wake Aristotle alimpinga. Hoja yake ni rahisi, hata bibi yangu angeielewa: kitu cha watu wengi hupata matunzo kidogo, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anakitunza. Mtoto mwenye baba elfu moja, kila baba atampa sehemu moja ya elfu ya moyo wake. Afadhali kuwa binamu halisi wa mtu mmoja kuliko kuwa mtoto wa mji mzima kwa namna ile.

Najua utasema, "Frateri, hiyo ni Ugiriki. Sisi Waafrika mkono mmoja haulei mwana." Ni kweli, na Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma Tabora na baadaye akafundisha St. Mary's hapo hapo Tabora, aliligusa jambo hili katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Alieleza kwamba kabla ya shule za kikoloni mtoto alijifunza kwa kuishi na kutenda, na kila mtu mzima alikuwa mwalimu wake kwa kiasi fulani.

Lakini hebu kumbuka mtu mzima wa kijijini alifanya nini alipokukuta unaharibu. Kabla ya fimbo, kabla hata ya karipio, aliuliza: "We mtoto wa nani?" Wenzetu Wasukuma, ambao wamejaa huku kwetu, hata jina la mtu hulianza kwa "ng'wana", yaani mtoto wa fulani. Swali lile lilikuwa na maana. Jirani aliweza kukurudi kwa sababu palikuwa na mlango mmoja wa kupeleka habari zako jioni. Malezi ya kijiji hayakuchukua nafasi ya mzazi, yalisimama juu yake. Ukiondoa mlango ule, jirani hana pa kukupeleka, na baada ya muda haulizi tena.

Nadhani hapo ndipo tulipofika na shule za umma. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuanzia Januari 2016 sekondari kidato cha kwanza hadi cha nne nayo ikawa bila ada. Mimi namshukuru Mungu kwa hilo. Kabla ya hapo sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ukiacha michango, na ndiyo hesabu iliyomshinda baba wa mwenzangu, au iliyompa kisingizio. Ila wengine waliposikia "elimu bila malipo" walisikia "mtoto bila mzazi". Serikali ililazimika kutoa waraka mwingine mwaka huo huo wa 2016 kufafanua kuwa sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa bado ni juu ya mzazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inamtaka mzazi ampe mtoto elimu na uongozi pamoja na chakula na mavazi.

Kisha kila mtu analalamika kwamba viwango vimeshuka. Mwalimu anasema wazazi. Mzazi anasema walimu. Wote wawili wanasema serikali. Wazee wanasema simu. Kila mmoja ana ushahidi, na kila mmoja anamwonyesha mwingine kidole. Lakini kiwango si namba iliyoandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mtoto hujua kiwango kwa kuangalia jambo gani watu wazima wake hawalivumilii. Kalamu nyekundu ya uongo baba yangu hakuivumilia, basi shuleni kwetu, kwangu mimi, kiwango kikapanda siku ile ile, bila bajeti na bila waraka.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino ana picha nzuri hapa. Anasema mtoto akishatoka tumboni mwa mama, kabla hajaweza kutumia akili yake vizuri, anabaki chini ya malezi ya wazazi kama ndani ya tumbo jingine, tumbo la kiroho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la 1965 juu ya elimu ya kikristo, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na pengo lao ni gumu kuzibika. Mwalimu anasaidia, Padre anasaidia, serikali inasaidia. Lakini huwezi kumsaidia kubeba mtu ambaye ameshautua mzigo.

Siku moja ya safari

Kigwa ilikuwa kituo katika njia ya misafara kati ya pwani na Tabora. Burton na Stanley, waliopita katika karne ya 19, waliitaja katika maandishi yao. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini na zaidi begani. Msafara ulikuwa na mamia ya watu: bendera mbele, ngoma, kelele, vumbi. Na hatari mojawapo ilikuwa kubaki nyuma bila mtu kugundua. Katika umati mkubwa kila mmoja anaamini kwamba fulani yuko na wenzake.

Kila nikiifikiria njia hiyo, nakumbuka sura ya pili ya Injili ya Luka. Yesu ana miaka kumi na miwili, umri wa mtoto wa darasa la sita au la saba. Sikukuu ya Pasaka imekwisha Yerusalemu, Yosefu na Maria wanarudi Nazareti, wakidhani yumo msafarani. Wakaenda mwendo wa siku nzima na dhana hiyo.

Angalia vizuri. Hawa ni wazazi watakatifu kuliko wote. Hawakuwa wazembe. Msafara ulikuwa wa ndugu na jamaa, watu wema, watu wa dini. Ilikuwa dhana ya haki kabisa, na bado mtoto hakuwemo. Ikiwa Yosefu na Maria waliweza kudhani, mimi na wewe ni nani? "Yuko shule." "Yuko kwa shangazi." "Yuko TYCS." "Yuko na simu yake chumbani, hana shida." Siku nzima ya safari, na wakati mwingine miaka saba.

Utakatifu wao ninauona katika kile walichofanya jioni. Walimtafuta kati ya jamaa, wasipomwona hawakuulaumu msafara. Waligeuka. Walirudi njia yote ile kwa miguu, na baada ya siku tatu wakamkuta. Wapi? Katikati ya walimu, anasikiliza na kuuliza maswali. Yaani mzazi aliyemtafuta mtoto wake kwa dhati aliishia kukutana na walimu wake! Mama akauliza swali la mama, akataka kujua kwa nini. Mtoto naye akajibu kwamba anaye Baba mwingine, mkubwa kuliko hawa wawili. Halafu akashuka nao Nazareti akawa anawatii.

Je, tunawaonea maskini?

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulikwepa. Ni rahisi kwa mtu anayekula mara tatu seminarini kuandika juu ya wajibu wa wazazi. Mwezi Februari mkulima wa tumbaku analala kambini, anachochea moto wa bani usiku, kwa sababu jani likiharibika deni linabaki pale pale. Huyu ndiye aje kikao cha wazazi saa nne asubuhi? Na hata akija, atakuta darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Upande wa serikali nao una wajibu wake, na mzazi kuwajibika hakumfutii mwingine deni.

Pingamizi hili lina haki. Katika falsafa ya maadili tunasema hakuna anayefungwa na jambo asiloliweza. Mzazi aliyeshindwa na mzazi aliyepuuza si mtu mmoja, na Mungu anawajua kwa majina. Lakini kuhesabu vema hakuhitaji fedha. Na jambo la pili linaniuma zaidi: umaskini wa nyumba yetu ulikuwa mmoja, ila mimi nilihesabiwa na dada yangu hakuhesabiwa. Kwa hiyo umaskini hauelezi kila kitu. Tulikuwa na kipimo kimoja kwa mtoto wa kiume na kingine kwa wa kike, na tulikiita desturi.

Sheria nayo ina mpaka wake. Tangu mwaka 2016 kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa lenye adhabu ya kifungo cha miaka 30. Ni ulinzi mkubwa. Lakini baba anayemwambia binti ajaze majibu ya uongo anajua anachofanya: baada ya matokeo, binti si mwanafunzi tena. Hakuna askari anayekaa nyuma ya bani jioni ile. Pale kuna dhamiri ya mzazi tu, na mtoto.

Jibu nililopaswa kutoa

Dada yangu, kama unasoma, au kama kuna mtu atakusomea, hili ndilo jibu langu.

Hapana, hukutimiza amri ya nne siku ile, kwa sababu amri ile haikukudai hivyo. Mamlaka ya baba yanatoka kwa Mungu ili mtoto akue. Yakiamuru kinyume cha ukweli yanakuwa yametoka nje ya mpaka wake, na hapo Mitume walishatufundisha kumtii Mungu kuliko wanadamu. Lakini sikuhukumu. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, una hofu, na sauti iliyokuamuru ni ile iliyopaswa kukulinda. Kanisa linafundisha kwamba hofu na shinikizo hupunguza lawama, mara nyingine huiondoa kabisa. Sehemu kubwa ya uongo ule ni ya aliyekuagiza. Sehemu nyingine ni yetu tulioshangaa siku mbili tukasahau, tukiwa tunajua kabisa ulivyokuwa unaweza hisabati.

Kuhusu binti yako: kumheshimu babu yake hakukulazimishi umkabidhi. Msalimie, mpikie, mtunze uzeeni. Lakini madaftari yalete kwako kila jioni, uyahesabu. Wewe unajua kusoma, unaweza zaidi ya vema. Nenda shuleni ujulikane, walimu wajue mtoto huyu ni wa nani.

Na wewe kijana?

Usiseme, "Mimi bado sijaoa, hayanihusu." Wengi wetu tuna wadogo zetu nyumbani, na wazazi wetu ndio wale wanaolala kambini. Kaka na dada ni mkono wa mzazi. Juma hili fanya mambo matatu madogo. Omba daftari la mdogo wako mmoja, na kama nyumbani anayeulizwa siku zote ni wa kiume, anza na wa kike. Kikao cha wazazi kikiitishwa na baba yuko shamba, omba akutume. Na kama VIWAWA mnakutana jioni ya Jumapili, ulizeni: katika jumuiya yetu, mtoto gani tunadhani yumo msafarani, na hayumo?

Mimi nimeanza na deni langu. Nilimpigia dada yangu simu nikamwomba msamaha kwa jambo ambalo sikulitenda ila nililila matunda yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Zile vema zako, mimi ndiye nilikuwa nakushikia taa baba akihesabu." Sikuwa nakumbuka.

Tusali: Ee Yesu, uliyetafutwa siku tatu na wazazi wako, wape wazazi wetu moyo wa kugeuka njiani. Wape nguvu wanaochoka, amsha wanaopuuza, poza mioyo ya watoto ambao hakuna aliyewaulizia. Na sisi vijana utufundishe kuhesabu kila jioni, tusikubali hata mmoja apotee kwa sababu ya kudhani. Amina.